Soka au mbio fupi: mwanafunzi mwenye vipaji viwili achague lini?

Mwanafunzi wa sekondari anayefunga mabao kwenye ligi ya shule, kisha akaongoza fainali ya mita 100 muhula huohuo, hugombewa na makocha wawili. Wa soka anamwona winga ambaye beki hawezi kumkamata. Wa riadha anaona dhahabu inayopotezwa kwenye nyasi. Kila mmoja ana haki upande wake, na mzazi anabaki na swali: mtoto aendelee na yote mawili, au ashike moja mapema?

Msimamo wangu ni kwamba asichague kabla ya kufika miaka 16 hivi, na hata baada ya hapo, kama bado anasita, soka lipewe nafasi ya kwanza. Hata hivyo, wanaotaka achague mapema wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali.

Mshika mbili moja humponyoka, wanasema, na katika mbio fupi usemi huo una maana ya moja kwa moja. Mita 100 ni mchezo wa ufundi. Kuna kutoka kwenye vitalu, yaani vile vya kukanyagia wakati wa kuanza mbio, kuna kuinuka taratibu huku unaongeza kasi, kuna kufikia kasi ya juu kabisa kati ya mita 50 na 70, halafu kuishikilia isiporomoke. Usain Bolt alipokimbia 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, kasi yake ilifika kilele baada ya kupita mita 60. Winga hafiki huko mara nyingi. Mbio zake nyingi ni za mita chache, anageuka, anasimama ghafla, macho yake yako kwenye mpira na kwa mpinzani. Kasi ya soka na kasi ya njia ya mbio ni ndugu, lakini si pacha.

Tena mazoezi ya kasi yanadai mwili uliopumzika. Mkimbiaji hukimbia kwa nguvu zote kwa sekunde chache, kisha hupumzika dakika kadhaa kabla ya kurudia. Aliyecheza mechi nzima jana hawezi kufanya hivyo leo. Atakimbia, ndiyo, lakini atakimbia akiwa mzito, na mwili utazoea uzito huo. Hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unapoingia katika mazungumzo. Ndio unaoumia mara nyingi kuliko misuli mingine kwa wachezaji wa soka, na mara nyingi huchanika mtu akiwa katika kasi kubwa. Kijana anayebeba ratiba mbili anauweka msuli huo rehani kila wiki. Kwa wasichana ongeza goti: katika soka hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi ya wavulana, na jeraha hilo huchukua msimu mzima au zaidi.

Mfano unaonitesa katika mjadala huu ni Adam Gemili. Mwingereza huyu alilelewa katika akademia ya Chelsea, akacheza Dagenham & Redbridge, kisha Januari 2012, akiwa na miaka 18, akaacha mpira na kuingia riadha moja kwa moja. Julai ya mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 100 mjini Barcelona kwa sekunde 10.05. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Moscow, alikimbia mita 200 kwa 19.98. Watetezi wa kusubiri, nikiwemo mimi, humtaja kwa furaha. Lakini mwaka 2016, fainali ya mita 200 ya Olimpiki ya Rio, alimaliza wa nne kwa 20.12, muda uleule wa Mfaransa Christophe Lemaitre aliyechukua shaba. Walitenganishwa na sehemu tatu tu kati ya elfu moja za sekunde. Je, miaka mitatu zaidi ya kujifunza kutoka kwenye vitalu, angali kijana, isingempa sehemu tatu hizo? Hakuna anayeweza kuthibitisha, ila swali hilo ni la haki, na anayeliepuka hajachambua.

Bolt mwenyewe yuko upande wa wanaotaka kuchagua mapema, kwa namna fulani. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alishinda mita 200 katika mashindano ya dunia ya vijana mjini Kingston. Njia ya mapema ilimfaa.

Sasa upande wangu. Shirika la madaktari wa watoto la Marekani, American Academy of Pediatrics, lilishauri mwaka 2016 kwamba kujifunga kwenye mchezo mmoja kucheleweshwe hadi miaka 15 au 16. Mtoto anayerudia mwendo uleule mwaka mzima hujeruhiwa kwa matumizi ya kupita kiasi, na wengine huuchoka mchezo kabla hawajafikia ukubwa. Lakini hoja ninayoiona kubwa zaidi ni ya ukuaji. Ubingwa wa mbio fupi katika umri wa miaka 13 au 14 mara nyingi ni ubingwa wa kubalehe mapema. Miaka miwili baadaye wenzake wanamfikia, na aliyeacha kila kitu kwa ajili ya saa ya kocha anajikuta wa tano. Kwa wasichana hutokea jambo jingine: mwili unabadilika, muda unakwama, na kila mtu anauliza kimetokea nini. Mara nyingi ni ukuaji tu. Kumfanya mtoto achague kwa kutazama muda wa mwaka mmoja ni kumfanya achague kwa kipimo ambacho bado kinacheza.

Halafu kuna suala la milango. Mlango wa riadha unabaki wazi kwa muda mrefu. Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga, akaanza mbio fupi mwaka 2015 akiwa na miaka 19, na Septemba 2021 jijini Nairobi akaweka rekodi ya Afrika ya 9.77. Letsile Tebogo wa Botswana naye alipitia soka utotoni kabla ya kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 200, mjini Paris mwaka 2024, kwa 19.46. Ukienda kinyume, mlango ni mwembamba. Bolt alijaribu soka na Central Coast Mariners ya Australia mwaka 2018, akafunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, akaondoka bila mkataba wa kudumu. Hata kwa binadamu mwenye kasi kuliko wote, kugusa mpira wa kwanza na kusoma mchezo hujengwa kwa miaka mingi, na miaka hiyo ni ya utotoni. Ndiyo maana nasema anayesita aliweke soka mbele. Kasi inaweza kungoja, mguso haungoji.

Nakiri mifano hii ni ya walioshinda. Waliohama wakiwa na miaka 19 na kuishia robo fainali hatuwasikii.

Kibaya zaidi kuliko kuchagua vibaya ni kubeba yote mawili bila mpangilio. Katika majimbo mengi ya Marekani soka la shule huchezwa majira ya vuli na riadha majira ya kuchipua, kwa hiyo kalenda ya shule inamruhusu mwanafunzi kufanya yote. Kinachomvunja ni klabu ya soka ya nje ya shule inayocheza karibu mwaka mzima. Hapo lazima mtu mmoja, si makocha wawili wasiosemezana, ahesabu mbio za kasi, mechi na siku za kupumzika za wiki nzima. Mazoezi ya kuimarisha nyuma ya paja, yale ya kupiga magoti na kujishusha mbele polepole huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, yaingizwe kwenye ratiba hiyo, kwani ushahidi wa kupunguza majeraha upo.

Kuna hali moja tu ambayo ningeachana na msimamo wangu: mwenyewe akiwa na miaka 14 akasema anataka mbio, bila kocha wala mzazi nyuma yake, na anaendelea kusema hivyo hata baada ya msimu mbaya. Huyo aachiwe soka la mapumziko na marafiki, apewe kocha anayejua vitalu, na muda wake wa mwaka wa kwanza usibandikwe ukutani.