Umepima Nini Sasa?

Jamani, hii tabia ya mtu kuendesha kijipande chake cha msimbo wa programu mara moja tu, kisha kututangazia "yangu ina kasi kuliko yako", inachosha. Kasi gani? Umetumia saa ya kawaida ya kompyuta, ambayo ikirekebishwa kupitia mtandao inaweza hata kurudi nyuma! Lugha ya programu ya Python ina kipima muda chake, timeit.timeit(): usipoiambia vingine hurudia kipande hicho mara 1,000,000, tena husimamisha usafishaji wa kumbukumbu (kuondoa data isiyotumika tena) wakati ikipima. Umeshapikiwa, kula tu hutaki. Na wanaoandika kwa lugha ya C ndio kabisa: kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiona jibu halitumiki popote, inaweza kufutilia mbali kitanzi kizima, yaani sehemu inayorudiwarudiwa. Unapima hewa, halafu unatuonyesha sekunde sifuri kwa mbwembwe.