Matanga ya miaka saba, kisha dakika 32

Tangu Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, watoe albamu yao ya nane, From Zero, Novemba 15, 2024, wapenzi wa roki ninaokutana nao hapa Nairobi hawapatani. Kuna wanaosema jina la bendi lilipaswa kuzikwa pamoja na mwimbaji wao Chester Bennington, aliyejitoa uhai Julai 20, 2017. Wengine wanasema waliobaki wana haki ya kuendelea na kazi yao, hata kwa sauti ya mgeni, Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara. Hawa wa pili naona wanakatizwa kabla hawajamaliza kusema.

Wanaopinga hawasemi kwa chuki. Kwa sisi tuliokuwa sekondari miaka ya 2000, Chester hakuwa burudani tu. CD zilizonakiliwa tulizinunua River Road, zikazunguka bwenini hadi zikakwaruzika. Hata vijana wa nganya, zile matatu za mapambo na muziki mkubwa, za Buruburu, ambao gita kali halikuwa lugha yao, walimfuata rapa Jay-Z kwenye kazi aliyofanya na Linkin Park mwaka 2004, na huko wakakutana na mtu anayepaza mambo ambayo nyumbani hayatamkwi. Tena tukumbuke nchi tuliyokulia. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Kijana aliyelemewa angeweza kupelekwa kortini wakati anahitaji daktari. Kijana kama huyo alikuwa na Chester wa kumsemea, kwa hiyo akimwona mtu mwingine ameshika kipaza sauti kile kile, msiba unamrudia upya. Mwana mmoja wa Chester naye alilalamika hadharani, na neno la mfiwa halipuuzwi.

Lakini hoja ya jina ina ufa. Bendi hii ilianza California mwaka 1996 ikiitwa Xero, na mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield. Chester aliletwa kutoka Arizona mwaka 1999, Wakefield akiwa ameshaondoka. Yaani Chester mwenyewe aliingia mahali pa mtu. Alikuta Mike Shinoda, Brad Delson na Joe Hahn wameshaijenga nyumba, akaijaza sauti mpaka tukaamini kwamba aliijenga yeye. Jina la albamu mpya linarudi huko kwenye Xero, sifuri ya kwanza, na Shinoda mwenyewe ameeleza hivyo. Anayesema kwamba pasipo Chester hakuna Linkin Park, itabidi atueleze wale wengine walikuwa nani.

Jambo hili si geni kwetu tuliolelewa na rumba. Sauti ya Les Wanyika iliyowafungulia njia hapa Nairobi ilikuwa ya Issa Juma. Alipotoka, John Ngereza akaishika bendi, na hakuna aliyemwita mwizi. Franco wa Kongo alipofariki Oktoba 12, 1989, bendi yake TPOK Jazz iliendelea chini ya Simaro Lutumba kwa miaka michache, kisha wakahitilafiana na familia ya marehemu, na wanamuziki wakaanzisha Bana OK. Mfano huu wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu jina lilibaki nyuma ilhali wapigaji walisonga. Hata hivyo Franco alikuwa mwenye bendi, kiongozi na mwajiri. Chester alikuwa mmoja wa sita.

Sasa hizo dakika 32 za From Zero, ambazo nimezirudia sana kichwani. Nyimbo ni 11, na ukizijumlisha hazifiki nusu saa na dakika mbili kamili. Katika albamu zao zote nane hii ndiyo fupi kuliko zote. Asubuhi ya foleni, unaweza kuifungua ukipanda matatu Buruburu na ikaisha hujaliona jiji. Wapinzani wanauliza: miaka saba ya kungoja, na malipo ni haya? Wanasoma ufupi huo kama dalili ya watu waliokosa la kusema.

Mimi nausoma vingine. Albamu yao ya mwaka 2000 ilikuwa dakika 38 hivi, ya 2003 takriban dakika 37, kwa hiyo watu hawa tangu zamani husema haraka wakanyamaza. La pili ndilo zito kwangu. Walikuwa na sauti ya Chester kwenye hifadhi, na mwaka 2023 walitoa wimbo wake ambao haukuwa umewahi kutoka. Wangeweza kurefusha albamu hii kwa vipande vyake, na tungenunua tukilia. Hawakufanya hivyo. Waliiacha ya marehemu ibaki ya marehemu, wakasimama na dakika walizozipata wenyewe wakiwa na mwimbaji mpya na mpiga ngoma mpya, Colin Brittain, baada ya Rob Bourdon kutorudi. Hiyo ni heshima. Waliofiwa wameanua matanga bila kugusa mali ya aliyekufa.

Sisemi albamu haina dosari. Milio mingi imechotwa kwenye albamu zile mbili za mwanzo, na katikati kuna nyimbo zinazopita bila kuacha alama. Delson alishiriki studioni lakini haendi kwenye ziara, kwa hiyo jukwaani wa zamani ni watatu tu: Shinoda, Hahn na Dave Farrell. Anayeona kwamba watatu hawatoshi kubeba jina, sina jibu la kumfunga mdomo.

Ninachoweza kumwomba ni asikilize The Emptiness Machine, wimbo walioanza nao Septemba 5, 2024, siku waliyomtambulisha Emily. Ubeti wa kwanza anauimba Shinoda. Kiitikio cha kwanza, Shinoda tena. Emily haingii mpaka ubeti wa pili, mwenyeji akiwa amekwisha kumtangulia hadi sebuleni, na anapoingia haigi mlio wa Chester; koo lake lina ukwaruzo wake na pumzi yake. Niliusikiliza kwa mara ya kwanza Jogoo Road, spika ya simu nimeibana sikioni kwa sababu dereva alikuwa amefungulia rege. Kiitikio cha pili kilipofika nilikuwa naimba naye, na sikukumbuka kulinganisha.