Ronaldo: shida si kitambaa

Kuna makala ambayo mwandishi wake anataka Ronaldo aachie unahodha wa Ureno kwa sababu ya umri. Kitambaa cha unahodha kinasingiziwa tu. Shida ni dakika anazopewa, na nani anapiga mipira ya adhabu.

Rudini Euro 2024: mechi tano, bao hakuna. Dhidi ya Slovenia na Ufaransa alicheza dakika zote 120, mechi mbili ndani ya siku nne! Mshambuliaji wa kati kama yeye akichoka asikabe, beki wa wapinzani anapokea mpira, anageuka, anainua kichwa na kuchagua wa kumpa. Kiungo Bruno Fernandes analazimika kuacha nafasi yake kwenda kumbana, nyuma yake panabaki uwazi, na kiungo aliyebaki anahangaika kama anayefukuza kuku.

Mipira ya adhabu ndiyo usiseme. Kombe la Dunia na Euro zote, aliyofunga moja kwa moja ni moja tu, ile dhidi ya Hispania 2018. Bruno kasimama pembeni anaangalia.

Ila ndani ya boksi bado mjanja. Fainali za Ligi ya Mataifa ya Ulaya 2025 aliwafunga Ujerumani kwenye nusu fainali, kisha akasawazisha dhidi ya Hispania kwenye fainali, yote kwa mguso mmoja karibu na goli. Fainali alitolewa dakika ya 88, na kombe wakabeba kwa penalti.

Kwa hiyo mpeni dakika 60 kisha aingie mshambuliaji mwenzake Gonçalo Ramos, au Ronaldo aanzie benchi kama Kombe la Dunia 2022, Ramos alipowapiga Uswisi matatu kwenye ile 6-1. Akitoka, amvishe Bruno kitambaa.