Mbegu ya kombaini haichaguliwi kwa ukubwa wa hindi

Wakulima wakikusanyika kwenye shamba la maonyesho, macho yote huenda kwenye hindi. Mtu hulimenya, huhesabu mistari ya punje, hulipima uzito kiganjani, na uamuzi umekwisha. Anayevuna kwa mkono sina ugomvi naye, maana hindi lililoanguka ataliokota. Kombaini, yaani mashine ya kuvunia, haiokoti. Bua likilala chini kuliko kichwa cha mashine, ile sehemu ya mbele inayokamata mabua, hindi lake limebaki shambani, hata liwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye bua. Mahindi yakishakomaa, ingia katikati ya shamba (pembeni mwa barabara kila mbegu hupendeza), finya pingili za chini kwa vidole, kisha sukuma mmea uiname kiasi cha nyuzi 30. Pingili ikibonyea au bua likikatika, kuvu wameshaanza kazi humo ndani. Na mara nyingi chanzo ni hilo hilo hindi kubwa tunalolisifu: ukame au ugonjwa wa majani ukiingia wakati punje zinajaa, hindi hunyonya sukari iliyo kwenye bua, na bua lenye njaa huoza upesi. Piga hesabu. Hindi moja lenye gramu 150 za punje likiachwa katika kila mita 10 za mraba, umepoteza kilo 150 kwa hekta.

Halafu kuna unyevu, na hapa ndipo tunapobishana zaidi. Punje iliyokomaa, ile yenye doa jeusi kwenye kitako, bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi au zaidi. Kombaini inayovuna na kupukuchua kwa mkupuo mmoja huitaka chini ya 25, la sivyo punje hupasuka na kupondeka. Mbegu mbili zinaweza kukomaa siku moja, moja ikakauka haraka na nyingine ikakuchelewesha, kwa sababu tu ina gunzi nene na maganda mengi yaliyobana.

Lakini maganda yanayobana na kufunika ncha ndiyo yaliyosifiwa miaka yote, na kwa haki: huzuia ndege, mvua na wadudu wa ghalani wanaoanzia shambani. Mbegu inayolegeza maganda hukauka upesi, ila hailindwi. Nikiwa na hakika mashine itafika kwa wakati, nachukua inayolegeza. Kama kombaini ni ya kukodi na kuna foleni, afadhali maganda yanayofunika, mradi bua liwe gumu na kikonyo kisidondoshe hindi.

Usawa wa shamba nao una uzito wake. Chotara ya wazazi wawili, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, huzaa mahindi yanayolingana kimo na kukomaa pamoja. Ukirudia kupanda punje zake, msimu unaofuata utapata marefu na mafupi, mabichi na makavu, na mashine haiwezi kurekebishwa kwa kila mmea. Nafasi ya mistari ifuate kichwa cha mashine, hilo halina mjadala.

Muuzaji wa mbegu akikutajia tani kwa hekta, muulize: yakishakomaa, mahindi haya husimama wiki ngapi bila kuanguka? Kama hana jibu, omba akupeleke kwenye shamba lililochelewa kuvunwa.