Mzee ameingia mashindano ya tenisi, mwacheni acheze

Mzee wa miaka sabini akiaga kwamba anakwenda kunyoosha viungo, wanawe humwombea heri. Akisema amejiandikisha kwenye mashindano ya tenisi, simu huanza kupigwa: "Baba, unashindana na nani kwa umri huo?"

Hofu yao ina msingi. Tenisi ni mbio za ghafla na kusimama ghafla. Kano ya kisigino hukatika, na mzee anayerudi kinyumenyume kufuata mpira wa juu anaweza kuanguka akavunjika nyonga. Tena hamu ya kushinda humfanya avumilie maumivu ambayo mazoezini yangemrudisha nyumbani. Mwenye moyo dhaifu amwone daktari kwanza.

Lakini kuna takwimu za utafiti wa Copenhagen, Denmark, zilizochapishwa 2018. Watu zaidi ya 8,500 walifuatiliwa hadi miaka 25. Wacheza tenisi walionekana kuishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi, wakimbiaji wa polepole 3.2 tu. Watafiti wenyewe walionya kwamba hilo halithibitishi kuwa tenisi ndiyo sababu, na ni kweli mcheza tenisi mara nyingi ana kipato na nafasi. Hata hivyo, pengo hilo la miaka sita na ushei halinitoki kichwani. Badminton ilipata 6.2, mpira wa miguu 4.7, kuogelea 3.4. Michezo inayohitaji mwenzako ndiyo iliyoongoza.

Na mashindano ndiyo yanayomleta huyo mwenzako. Nacheza na mzee wa miaka 71. Pasipo mechi huja akijisikia. Mechi ikipangwa, alfajiri yuko uwanjani anafunga bandeji gotini. Mpira wake wa kuanzia hauna nguvu tena, ila anaukata chini chini, unafia nyuma ya wavu, nami niliye mdogo kwake kwa miaka ishirini nabaki nimeukodolea macho.

Isitoshe, mashindano ya kimataifa ya wakongwe hugawa madaraja kwa miaka mitano mitano, kwa hiyo mzee hapangiwi kijana. Oktoba 2021, huko Mallorca, kisiwa cha Hispania, Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alicheza ubingwa wa dunia daraja la miaka 90 na kuendelea. Alikuwa na miaka 97. Raketi aliishika akiwa na miaka 30, na baada ya kucheza na Rafael Nadal, nyota wa tenisi, alisema sasa anamtaka nyota mwingine, Roger Federer.