Tanzia zisizo na mwaka
Kinachoudhi unapotafuta habari za ukoo kwenye tanzia za magazetini ni "amefariki Jumanne iliyopita", mwaka hakuna, na aliyekata kipande akatupa ukurasa wenye tarehe! Wafiwa wanaandikwa "Mama Fulani", jina la kuzaliwa halipo. Usipekue toleo la siku ya kifo tu: tangazo huweza kutoka siku kadhaa baadaye, na la kumbukumbu mwaka mzima baadaye. Rejista za vifo nazo kwa kawaida hufuata mahali mtu alipofia, si alipozaliwa wala alipozikwa. Aliyefia hospitali ya wilaya jirani, mtafute huko. Kompyuta nayo, unapotafuta jina kwenye magazeti yaliyopigwa picha, wino ukififia, husoma "m" kama "rn", jina likapotea. Jaribu la mjane, au la kijiji. Umri kwenye cheti cha kifo usiuamini sana. Aliyeutaja si marehemu.