Kwani Si Maji Tu, Fundi?

Tangu nilipoanza kazi ya kuosha viwanja, kuta na mapaa kwa mashine ya presha hapa Dar es Salaam, sijawahi kukutana na mteja aliyebishana nami kuhusu usafi wa kazi yenyewe, kwa sababu pevingi iliyokuwa ya kijani ikirudi kuwa nyekundu hakuna anayehitaji kuelezwa. Ugomvi wangu na binadamu wenzangu uko kwenye bei, nao huanza kwa maneno yaleyale, iwe ni Tabata, Goba au Mbezi Beach: "Kwani si maji tu, fundi?"

Ndiyo, ni maji. Hata chai ni maji, lakini sijamsikia mtu akimwambia mama ntilie kwamba kwa kuwa ameyachemsha tu, basi amuuzie kwa nusu bei.

Mwanzoni nilikuwa nikipanga bei kwa macho. Nilisimama getini, nikautazama uwanja, nikalitazama na gari lililoegeshwa, kisha nikataja kiasi ambacho niliona gari hilo linaweza kukimudu. Mbinu hii ilinifaa kwa muda wa majuma mawili, mpaka wateja walipoishtukia. Bwana mmoja aliyeniita kwa simu akijitambulisha kwa sauti ya mkurugenzi alinipokea akiwa amevaa kandambili zisizofanana na singleti yenye matundu, akalalamikia ugumu wa maisha kwa dakika 20, na mimi kwa huruma nikakata bei hadi kwenye mfupa. Wakati nakunja mpira ndipo kijana wake aliporudisha gari kutoka kwa jirani lilikofichwa, gari ambalo tairi lake moja pekee lingeweza kunilipia kodi ya nyumba.

Nikajaribu kutoza kwa saa. Mteja alileta kiti, akaweka simu yake mapajani huku saa ikihesabu, akanitazama kama msimamizi wa mtihani wa taifa. Nikifanya haraka, anasema kazi ilikuwa rahisi na hivyo saa zangu ni ghali mno, na nikifanya taratibu anasema nakula muda. Nilipoomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, aliisimamisha saa.

Kutoza kwa picha ndiko sitaki hata kukuzungumzia kwa kirefu, kwani mteja hukupigia picha kona moja wakati giza limeshaingia, kwa simu ambayo kioo chake kimeshikwa na mikono yenye mafuta ya maandazi, na ukishakubali bei unafika na kukuta ile kona ina ndugu zake wengine wanaozunguka nyumba nzima hadi kwenye banda la kuku.

Hatimaye nikanunua futi ya kupimia yenye mita 30 na kuanza kutoza kwa mita ya mraba, kama wafanyavyo watu wenye ofisi. Niliweka shilingi 500 kwa mita, bei niliyoichagua kwa sababu moja tu, kwamba ni rahisi kuizidisha kichwani. Kazi ya kwanza ilikuwa uwanja wa pevingi wa mita 10 kwa 12, yaani mita 120 za mraba, na niliondoka na shilingi 60,000 taslimu huku nikipiga mluzi. Usiku nikaketi kitandani na daftari. Kirikuu iliyobeba mashine kwenda na kurudi ilikuwa imekula shilingi 25,000. Mashine yangu ni ya petroli, hunywa kama lita moja na nusu kwa saa, na kwa kuwa pevingi iliyoota ukoga humalizika kwa mwendo wa mita 30 hivi za mraba kwa saa, nilikuwa nimechoma lita sita, ambazo ni karibu shilingi 18,000. Msaidizi wangu anayeburuta mpira alichukua 15,000, na sabuni ya kutolea madoa ya oili ilikuwa 4,000. Jumla ikawa 62,000. Mke wangu, aliyekuwa akichungulia daftari kutoka upande wa pili wa mto, aliniuliza kwa upole kama ile shilingi 2,000 niliyomlipa yule bwana ili aniruhusu kumwoshea uwanja wake nilimpa mkononi au nilimtumia kwa simu.

Kesho yake bei ikawa shilingi 1,000 kwa mita, na hapo ndipo nilipogundua kwamba jiji hili limejaa wataalamu wa hesabu ambao walikuwa wamejificha. Mteja anashika ncha moja ya futi na kutembea nayo, lakini haivuti ikanyooka. Anataka itolewe sehemu iliyo chini ya gari, kwa kuwa gari halitasogezwa. Anataka yatolewe maeneo yaliyo chini ya vyungu vya maua, kibanda cha mbwa na tangi la maji. Mmoja alitaka tuutoe mfuniko wa chemba, ambao ni wa duara, na tukalazimika kumwamsha mwanawe wa kidato cha pili ili atukumbushe kanuni ya eneo la duara.

Mafuta nayo yana mambo yake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, na kila mwenye bodaboda nchini anaruhusiwa kupandisha nauli yake asubuhi hiyohiyo bila kuulizwa. Mimi nikiongeza shilingi 100 kwa mita naambiwa nimebadilika, kwamba siku hizi nimepata hela.

Kuhusu maji, ambayo ndiyo yanayonifanya nidharauliwe, niseme jambo moja. Mashine yangu huvuta lita 10 kwa dakika, yaani lita 600 kwa saa, na bomba la kawaida la mtaani halina nguvu ya kuilisha, kwa hiyo tunavuta kutoka kwenye tangi la nyumba. Sasa chukua kazi ya saa nne, ambayo ni lita 2,400, uipeleke kwenye nyumba yenye tangi la lita 2,000. Kwa mama mmoja wa Kimara maji yaliisha nikiwa nimebakiza ukanda wa mita mbili mbele ya ngazi. Mama alitoka jikoni na sufuria yenye mchele uliokuwa haujaoshwa, akafungua bomba, bomba likakohoa, naye akanitazama. Malipo yangu yalikatwa fedha za boza la maji, fedha za chakula cha hotelini kwa watu sita, na fidia ya ule ukanda uliobaki, ambao alisema sasa unaonekana mchafu kuliko ulivyokuwa kabla sijafika. Katika hilo la mwisho, kwa haki, alikuwa anasema kweli.

Wapo pia wanaotaka kunipunguzia kazi ili niwapunguzie bei. "Niachie mashine tu saa moja, nitaosha mwenyewe, kuna ufundi gani pale?" aliniambia shemeji yangu, ambaye tayari alikuwa kwenye bei ya shemeji, bei iliyo chini ya bei ya jirani na juu kidogo ya sadaka. Nozeli, yaani vile vichwa vya kutolea maji, zina rangi: nyeupe hutawanya maji kwa upana wa nyuzi 40, kijani 25, njano 15, na nyekundu haitawanyi chochote, hutoa uzi mmoja mwembamba wa maji unaoweza kuchana ubao. Nilimweleza yote hayo. Alichagua nyekundu kwa sababu, kama alivyosema baadaye mbele ya dada yangu, ndiyo iliyokuwa inang'aa. Mlango wake wa mninga sasa una alama ndefu ya mshazari kuanzia kitasa hadi bawaba ya chini, na kikao cha ukoo kiliamua kwamba kosa ni langu kwa kumiliki kitu cha hatari.

Nikadhani dawa ya yote haya ni kionjo. Muuza nanasi hukukatia kipande ukaonja, kwa hiyo na mimi nikawa naosha kipande kidogo bure ili mteja aone tofauti kabla hatujaitaja bei. Ilifanya kazi vizuri sana hadi Jumamosi iliyopita nilipoitwa na mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati, mzee mwenye adabu na fimbo ya kutembelea, aliyenikaribisha kwa juisi ya ukwaju na kuniambia kwamba hana haraka.

Nilimwoshea kionjo karibu na geti. Akakisifu, kisha akasema pale jua linapiga, hivyo angependa kuona matokeo yake kwenye kivuli. Nikaosha kivulini. Akauliza kama penye oili, chini ya maegesho, mashine ingefua dafu kweli, na mimi, kwa kiburi cha fundi, nikamwonyesha. Akahamia kwenye mteremko, kwa kuwa huenda maji yangetuama. Akataka kuona palipo karibu na mfereji, halafu penye mizizi ya mwembe, halafu katikati ya kipande cha kwanza na cha tatu, kwa sababu macho yake, alisema, hayawezi tena kulinganisha vitu vilivyo mbalimbali. Kila mara alikuwa akielekeza kwa fimbo, akitikisa kichwa kwa kuridhika, na kumwagiza mjukuu aniongezee juisi. Msaidizi wangu alinikonyeza mara mbili, nami nikadhani ana vumbi jichoni.

Mwisho mzee akasema ameridhika kabisa na kwamba sasa tunaweza kuzungumza bei ya mahali palipobaki. Niligeuka kupatafuta. Uwanja mzima ulikuwa unang'aa mpaka kwenye ukuta, na palipobaki palikuwa chini ya kiti alichokalia, mraba mmoja wa kijani usiozidi mita moja. Nikamtajia shilingi 1,000. Mzee aliinama, akapatazama kwa makini kushoto na kulia, kisha akaniuliza kama ile miguu minne ya kiti nimeshaitoa kwenye hesabu.